Mwaka Nilipotaka Kukata Tamaa

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, maana nitasema taratibu na sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Jambo lenyewe wanawake wa rika langu hatukuzoea kulisema. Tulilibeba kimya, na wengi waliingia nalo kaburini, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake duniani. Ni yale yanayopita kichwani mwa mwanamke anapokuwa na nafsi yake: mwanamume fulani, mkono fulani, chumba ambacho hakijawahi kuwapo popote. Usiinamishe kichwa. Sikukusudia kukuaibisha, na mimi nimezeeka mno kuaibika. Mwezi uliopita alizikwa rafiki yangu Tausi, wa Majengo pale Thika. Nilikuwa nimeketi mkekani na wanawake wenzake tukisubiri wanaume warudi kutoka makaburini, chai ikipoa mikononi mwetu, nikatambua kwamba mtu pekee aliyeijua habari hii tangu mwanzo hayupo tena. Kwa hiyo naiweka hapa, isije ikaenda naye.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari Waingereza waliyoitangaza kupambana na Mau Mau, nami nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mume wangu, Kariuki, alikuwa kizuizini mwaka wa pili. Nyumba yetu ilikuwa Ruiru, katika kile kijiji tulichojengeshwa kwa lazima, lakini mimi nilipata kazi ya kuchambua kahawa katika kiwanda kimoja cha Thika, nikapewa pasi, kibali cha kukaa huko na kurudi Ruiru Jumapili moja moja. Nilipanga chumba katika laini za wafanyakazi, zile nyumba za safu, pamoja na mjane mmoja aliyeitwa Rebeka. Kilikuwa chumba cha ukuta wa mawe na sakafu ya saruji iliyopasuka, vitanda viwili, na shuka la bluu limening'inizwa katikati ili kila mtu awe na upande wake. Upande wangu ulikuwa na msumari wa kutundikia nguo na dirisha dogo lililotazama jiko la nje. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama kutoka sufuria moja. Rebeka alikuwa mwema kwangu. Nilipofika bila blanketi alichukua lake, akalikata vipande viwili kwa makasi, akanipa kipande kikubwa. Nataka ulijue hilo kabla sijakwambia mengine, usije ukamchukia.

Kazi ya kuchambua ilikuwa hivi. Tuliketi pande mbili za meza ndefu, kahawa imemwagwa mbele yetu, na vidole vikitenga punje nyeusi, punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Wiki za kwanza unatumia macho na akili yote. Baadaye vidole vinajua vyenyewe, na akili inabaki haina kazi. Wengine walizungumza, wengine waliimba wimbo wa kanisa kwa kuguna. Akili yangu mimi ilitembea. Ilianza kwa kwenda Ruiru, halafu ikaenda kambini kumtafuta Kariuki na kurudi bila kumwona, kwa sababu sikujua mahali alipokuwa palifananaje. Siku moja, bila mimi kuituma, ilisimama kwenye mizani.

Mizani ilikuwa mlangoni, na karani wake alikuwa Mkamba mmoja, Mutiso, mwanamume wa kawaida tu mwenye koti la kaki lililochakaa viwiko. Wanawake walimtania tangu asubuhi. "Karani, mizani yako imelewa leo!" "Karani, unapima gunia ama unalibembeleza?" Hilo la pili lilikuwa na sababu. Mutiso alikuwa na desturi ya kusogeza kile chuma cha mizani kwa ncha za vidole, polepole, akisubiri kitulie chenyewe, kama mtu anayegusa yai lenye kifaranga ndani. Hakukisukuma hata mara moja. Nami niliketi mbali kidogo nikatazama vidole hivyo, na kabla sijajua nilikuwa katika chumba kingine, mvua inanyesha juu ya mabati, na mtu mwenye mikono ile ananiosha mgongo kwa maji ya moto. Hakuwa na haraka. Aliuliza maji yametosha joto ama bado, na alingoja nijibu. Sikuwahi kuulizwa hivyo. Mengine yaliyofuata nitakuachia uyajaze mwenyewe, lakini ujue hayakuishia mgongoni. Nilipozinduka, vidole vyangu vilikuwa vimemaliza rundo zima bila kosa, uso wangu unawaka, na nikaamini kwamba kila mwanamke pale mezani ameona.

Kuanzia siku ile nilijitesa. Nilifunga. Nilibadilisha kiti ili niipe mizani mgongo, na mawazo yakaja vilevile, maana hayakuhitaji macho. Nilijiambia: mume wako analala juu ya mawe, na wewe umekaa hapa unaogeshwa. Nilisugua mikono kwa majivu kama niliyegusa kitu kichafu. Kama umewahi kujichukia kwa jambo ambalo hujalitenda, unajua inavyochosha. Mtu aliyeiba anaweza kurudisha alichoiba. Mimi sikujua cha kurudisha ni nini.

Sasa nieleze kidogo desturi ya watu wa wokovu wa wakati ule, maana bila hiyo hutaelewa hatari yangu. Sisi tuliookoka tulikutana katika ushirika, na kila mmoja alisimama akaungama mbele ya wote. Tulikuita kutembea nuruni. Hukuungama kwa ujumla. Ulitaja dhambi, na kama ilimhusu mtu, ulimtaja mtu kwa jina, ili naye aombewe. Watu wengi walipata amani ya kweli kwa njia hiyo. Wezi waliacha wizi, maadui wakala pamoja. Sitaidharau. Lakini haikutofautisha sana kati ya mkono na kichwa, kati ya uliyoyafanya na yaliyokupitia tu.

Rebeka alikuwa kiongozi wa ushirika wetu, na hakuchelewa kuniona.

"Dada Lidia, chai yako inapoa. Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Hauko. Mwili ndio uko hapa." Akasogeza shuka la bluu akaketi ukingoni mwa kitanda changu. "Ni mume wako unamwaza?"

Ningesema ndiyo yangeisha. Nikasema, "Kuna mtu ananijia kwenye mawazo. Si yeye."

Hakushtuka. Alinishika mkono. "Ni nani?"

"Siwezi kumtaja."

"Utaweza. Aibu ndiyo kamba iliyokufunga, na ukimtaja inakatika. Jumamosi ya mwisho wa mwezi utasimama, utamtaja, na yeye tutamwita mbele tumwombee."

"Lakini hajafanya kitu, dada! Hajui hata."

"Basi atajua, ajilinde," alisema Rebeka, kwa upole kabisa, akanimiminia chai nyingine.

Jumapili iliyofuata nilienda Ruiru, nikapanga foleni ya maji na debe langu. Mbele yangu walikuwa wanawake wawili ambao hawakugeuka kuona ni nani amefika. Walizungumza Kikuyu, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili jinsi nilivyoyasikia.

"Ulisikia ya mke wa Njoroge?"

"Yule wa wokovu?"

"Alisimama mkutanoni akasema amemtamani fundi wa baiskeli."

"Haiya! Kumtamani tu?"

"Nani atajua kama ni tu? Mama mkwe alimtolea vyombo nje jua halijapanda. Fundi naye alivunjwa mkono na shemeji zake. Atatengeneza baiskeli na meno."

"Na Njoroge?"

"Si yuko kizuizini kama hawa wetu? Atarudi apate mlango una kufuli."

Debe likajaa. Kisha yule wa pili akasema, "Mimi nikisimama kutaja wote ninaowatamani, mkutano utaisha kesho kutwa." Wakacheka hadi maji yakamwagika, wakageuka, wakaniona, wakakatiza kicheko kama waliofunga mlango. Niliyasikia yale ya vyombo na mkono wa fundi tu. Kile kicheko kilinipita. Imenichukua miaka mingi kujua kwamba jibu la shida yangu lilikuwa limesemwa pale foleni, kwa sauti kubwa, na mtu aliyebeba debe.

Kwa hiyo elewa nilivyokwama. Nikimtaja Mutiso, habari ingefika Ruiru kabla yangu. Ningekosa nyumba, na Kariuki angerudi akute mke hayupo. Mutiso alikuwa na mke na mtoto mchanga, na ndugu za mkewe walifanya kazi palepale kiwandani kubeba magunia. Nisipomtaja, ningekuwa mnafiki mbele za Mungu, na hilo nililiogopa kuliko yote. Sikulala vizuri, sikula vizuri. Mwishoni niliamua kutaja, liwe liwalo, kwa sababu nilichoka.

Saa sita mchana, wakati wa chakula, dada wa wokovu walikuwa na maombi mafupi kwenye kivuli cha ghala. Kwa kuwa tulikuwa Wakikuyu, Wakamba, Waembu na Wajaluo, tulitumia Kiswahili, na Kiswahili chetu tulikiokota huku na huku. Mimi changu kilikuwa cha kanisani. Neno tamaa, kwa mfano, nililijua kutoka mimbarani tu, tamaa za mwili, kitu cha kukatwa kama magugu. Siku hiyo nilisimama nikasema kwa sauti iliyotetemeka: "Ndugu zangu, mimi nimekata tamaa. Nimekata kabisa. Jumamosi nitaimaliza mbele yenu wote." Wakaitikia kwa furaha, wakapiga makofi, Rebeka akafuta machozi.

Kando yetu, juu ya gunia tupu, aliketi Tausi akila mahamri yake. Alikuwa mchambuzi kama sisi, Mwislamu, mama yake alitoka pwani, na Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kunyonyea. Alinizidi miaka michache, alikuwa ameachwa mara mbili na alizungumza habari hizo kama mtu anayezungumza kuhamahama nyumba. Hatukuwa marafiki. Nilimwona ni mtu wa dunia. Nilipokwenda bombani kunawa uso, alinifuata akiwa bado na hamri mkononi, akaniita kwa jina langu la nyumbani, maana Lidia lilikuwa la ubatizo.

"Ciru! Hebu simama. Mume wako kafa huko?"

"Hapana."

"Una maradhi?"

"Tausi, niache."

"Nikuache vipi? Umesimama mbele za watu ukasema umekata tamaa, na Jumamosi utamaliza, na wale wenzako wanakupigia makofi! Wanakupigia makofi ujiue?"

Nilimkodolea macho. "Nani anajiua?"

"Si umesema umekata tamaa?"

"Ndiyo. Tamaa. Za mwili. Nazikata."

Tausi alinitazama, akaangalia hamri, akaketi chini palepale kwenye matope ya bomba. Alicheka mpaka ushungi ukaanguka mabegani. Halafu, ghafla, akaacha.

"Mwenzangu," akasema, "Kiswahili hicho umefunzwa na nani? Kukata tamaa ni kuona hakuna kesho. Mgonjwa akikata tamaa hata uji hataki. Mimi nilidhani utajitupa mtoni."

"Sisi tumefundishwa tamaa ni mbaya."

"Iko mbaya, ndiyo. Na iko ile inayokufanya uamke uchane nywele. Ukiikata yote, Ciru, utachana nywele kwa ajili gani?"

Nafikiri nilianza kulia. Na kwa kuwa alikuwa tayari amenidhania jambo baya kuliko lile lililokuwapo, niliona hakuna aibu iliyobaki ya kuificha. Nikamwambia yote.

"Ni karani."

"Karani gani?"

"Wa mizani."

"Mutiso?" Alishika kinywa. "Ciru! Katika wanaume wote! Yule fundi wa mashine anapita hapa na mabega yake kila siku, na wewe ukamchagua Mutiso?"

"Sikuchagua."

Hapo akatulia, maana aliona kwamba nasema kweli. "Anakufanya nini huko kichwani?"

"Ananiosha mgongo." Nilisema nikitazama bomba. "Na maji ya moto. Hana haraka. Ananiuliza."

"Na Kariuki alikuwa na haraka?"

"Kila mara."

"Ulimwambia?"

"Hayo huambiwa mtu?"

Tausi aliinuka, akakung'uta matope, akanipa nusu ya lile hamri. "Sikiliza. Kesho wakati wa chakula keti mbele ya Mutiso, umtazame akila. Usigeuze macho. Mtazame mpaka amalize, halafu uje uniambie kama ndiye yule."

Nilifanya hivyo. Sikuwa nimewahi kumtazama Mutiso usoni, na hilo lenyewe lingenipa jibu. Alikuwa na bakuli la bati lenye githeri, mahindi na maharagwe. Alikula kwa haraka, Mungu wangu, kama mtu anayefukuzwa. Alitafuna mdomo wazi, akailalamikia chumvi ya mkewe kwa mtu aliyekaa karibu, akacheua, akachokoa sikio kwa penseli yake ya kazi na kuirudisha mfukoni. Akaniona.

"Nini, Ciru? Unataka githeri?"

"Hapana, karani."

"Basi mbona unanitazama hivyo? Unanipima?"

Nilicheka. Kicheko cha kwanza cha mwaka ule, na kilitoka tumboni. Maana hakuwamo. Mtu wa kichwani mwangu alizungumza kwa utulivu, na huyu alifoka. Yule alijua mahali bega langu linapouma kwa kuinama mezani, na huyu hakujua hata kama nina bega. Nilikuwa nimeazima vidole vya Mutiso tu, vile vya kwenye mizani. Vingine vyote, sauti, subira, lile swali la maji, nilivitoa ndani yangu. Yule mtu alijua ninachotaka kwa sababu alikuwa ni mimi.

Nitulie hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi hukwama. Katika maisha yangu nimekaa jikoni kwenye harusi nyingi nikimenya viazi pamoja na maharusi na mama zao, na baada ya muda wanawake walianza kunivuta kando. Mmoja humwaza mwanamume asiye na sura. Mwingine anamwaza mume aliyekwisha kufa, na anaona haya mbele ya yule aliye hai. Mwingine humwaza mwanamke mwenzake, au anawaza kwamba anabebwa kwa nguvu, na huyo hulia zaidi, maana anajiuliza kama ndivyo anavyotaka atendewe. Wote huanza kwa maneno yanayofanana: nadhani mimi nina kasoro. Nami huwaambia polepole, kama nikwambiavyo wewe. Kichwani wewe ndiye mwenye nyumba. Yule mtu huja ukimfungulia na huondoka ukichoka, na hawezi kukufanyia jambo ambalo wewe mwenyewe hujalitunga. Nje ya kichwa, mtu mwingine ana mapenzi yake, ana mke, ana mikono usiyoitawala. Ndiyo maana jambo linaweza kuwa tamu kuliwaza, na usilitake kabisa litokee. Kuliwaza si kulipanga. Na huwezi kumkosea mtu ambaye hujamgusa, hujamdanganya, hujamnyang'anya kitu. Kama mawazo yanakuletea maumivu, kama yanarudi na jambo baya ulilotendewa, hayo usikae nayo peke yako, mtafute mtu unayemwamini umwambie. Lakini mengi ya yanayowaliza wanawake si ugonjwa wala hukumu. Ni mwili unaongea, na haukufundishwa lugha nyingine.

Sikuyajua haya kwa mpangilio huo nilipokuwa na miaka ishirini na minne. Nilijua tu kwamba Mutiso hakuwamo. Jumamosi ilifika, tukakusanyika katika darasa la shule ya kanisa, jua la alasiri limelala juu ya madawati. Mutiso na mkewe, nao watu wa wokovu, walikuwa nyuma, mtoto amefungwa mgongoni kwa mama. Rebeka aliniita mbele. Nilikamata ukingo wa dawati.

"Sina jina la kutaja," nikasema. "Nilikuwa na mtu kichwani, na nimegundua nilimtengeneza mwenyewe. Hakuna ndugu aliyenikosea, wala sijamkosea ndugu. Nimeona ninachokitamani. Natamani kutendewa kwa upole. Ni hayo."

Desturi ilikuwa kuimba mtu akimaliza kuungama. Hakuna aliyeanza wimbo.

"Dada Lidia," akasema Rebeka, "hakuna nusu ya nuru."

"Nimeileta yote, dada. Ndiyo hii."

Nilirudi kuketi katika ule ukimya, na nilisikia mke wa Mutiso akimpapasa mtoto mgongoni, pa, pa, pa. Nilithubutu kugeuka. Mutiso alikuwa amesinzia, kidevu kifuani, salama kabisa, asijue ni kitu gani kilichompita karibu hivyo.

Nililipia. Kwa majuma mengi sikualikwa kuongoza maombi, wala kushika mtoto wa mtu. Waliniita aliyepoa, yaani aliyepungukiwa na moto wa imani. Rebeka hakunifukuza chumbani, lakini alipika uji wake kivyake, na shuka la bluu, ambalo awali lilifunguliwa mchana, sasa lilikaa limefungwa. Nilikula na Tausi, mahamri kwa githeri, na nikajifunza Kiswahili. Upweke ule ulinikata kweli, sitakudanganya. Lakini usingizi ulirudi. Na mawazo yalipokuja pale mezani, sikuyakimbiza tena. Niliyaacha yapite, kisha nikaendelea na kahawa yangu.

Mvua ndefu za masika zilikuwa zimepita ndipo Rebeka alipovuta shuka, mchana wa Jumapili. Nilikuwa namenya viazi. Alichukua kisu kingine akaketi nami, jambo ambalo hakulifanya tangu ile Jumamosi.

"Lidia," akasema. Hakusema dada. "Ile ilikwisha?"

"Ile ipi?"

"Ile."

Nilifikiria nimjibu nini, nikaona afadhali ukweli. "Haikwisha. Iliacha kunitisha."

Alimenya kiazi, akaendelea kukimenya wakati maganda yalikuwa yameisha, mpaka kikabaki kidogo kama punje ya mahindi. "Miaka yote hii tangu mume wangu afe," akasema. "Nilidhani mjane hupona."

Nilimwekea kiazi kingine mkononi. Tulipika vilivyobaki, tukala kutoka sufuria moja, na tangu siku hiyo lile shuka la bluu lilitumika kukausha vyombo. Ushirikani aliendelea kuongoza, ila akaacha kuwauliza wanawake majina.

Kariuki aliachiliwa mwaka ukielekea kwisha. Alirudi Ruiru amekonda, hakuweza kuketi mgongo ukielekea mlango, na alikula akilinda bakuli kwa mkono. Majuma ya kwanza hatukugusana. Alasiri moja mvua ilinyesha juu ya mabati, nikachemsha maji, nikamwambia avue shati nimwoshe mgongo. Mgongo wake ulikuwa na alama ambazo sitazieleza. Nilizipita taratibu, kwa ncha za vidole. Nilimuuliza maji yametosha joto ama bado. Mabega yake yalianza kutikisika, nikajua analia.

"Na wewe," akasema hatimaye, hajageuka, "nani alikuosha miaka hii?"

Lilikuwa lile swali nililolikimbia mwaka mzima. "Hakuna mtu," nikasema. "Nilijiosha kwa mawazo."

"Ulikuwa unawaza nini?"

Sikumtaja Mutiso, kwa sababu Mutiso hakuwamo. "Kwamba hakuna haraka," nikasema. "Kwamba ninaulizwa."

Alitazama maji. "Mbona hukuniambia zamani?"

"Sikujua kwamba yana maneno."

Kariuki aliinuka, akamwaga yale maji nje mvuani, akarudi akajaza karai upya kutoka sufuria ya motoni. Akaingiza kidole, akakitoa, akangoja kidogo yapoe. Kisha akaniambia nigeuke.

Tausi nilipomsimulia hili alicheka, akasema, "Umeona? Ungeikata, ungemwambia nini?"

Kwa hiyo nikuombe jambo moja, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa. Kesho utakapokuwa na kazi ya mikono, kunde za kuchambua au nguo za kufua, na akili ianze kwenda zake, usiirudishe kwa kuichapa. Iache ifike. Halafu sema polepole, kwa sauti yako mwenyewe, hata kama ni ukuta tu unaokusikia: "Natamani." Usimtaje mtu. Taja unavyotaka kutendewa, umalize sentensi, kisha rudi kwenye kunde zako.